Misimbo ya Mitungi

...na bado wananishukuru, hilo ndilo linaloniunguza, si kwamba wameiba, mwizi wa kawaida ukimkuta anakimbia au anapiga magoti, hawa wameiba halafu wakainama chini kabisa ya ukurasa wa kwanza wa makala yao, kwa herufi ndogo kama zile za kwenye chupa ya dawa ya kupe, wakaandika kwamba waandishi wanamshukuru Bi. L. Ntirandekura, mwalimu wa Mpanda, kwa mazungumzo yenye manufaa, mazungumzo!, mazungumzo gani, mimi na Daktari Kalinde aliyenifundisha chuoni tulizungumza nini na wapi, nilimwandikia kaunta buku zima, kurasa mia moja tisini na mbili, miezi kumi na minne kwenye darasa la Kidato cha Pili B wanafunzi wakishatawanyika, nafuta ubao wao wa jiografia najaza wangu, nanakili, nafuta tena, vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi, mlinzi ananiuliza mwalimu, huo ni mtihani wa taifa unatunga?, na siku lilipokamilika nililifunga kwa kamba ya katani nikalileta dirisha hili hili la posta, mikononi mwa Immaculata huyu huyu, nikamwambia dada, liende kwa rejista, halina nakala, na Immaculata akalipima, akalamba stempu, akasema litafika mwalimu, na kweli lilifika, lilifika vizuri kabisa, ndiyo maana leo nimekaa kwenye benchi la posta na kalamu mkononi na fomu pajani, nashukuriwa.

"Mwalimu, nafunga mfuko sasa hivi. Treni haimsubiri mtu."

Nimalizie kidogo tu, dada, nasema, na sauti inatoka tamu, sauti ya mtu anayemalizia salamu kwa shangazi, sijui hii sauti naitoa wapi, ndani nina moto ungeweza kuivisha maharage, lakini ukinisikia utadhani nachagua kadi ya Krismasi... mstari wa sahihi ni mrefu, wameuacha mrefu makusudi, juu yake imeandikwa mimi niliyetia sahihi hapa chini nakubaliana na makala hii, na majina yaliyotumiwa ndani yake, na shukrani zilizotolewa, tarehe, mahali, basi, saini tu, ukisaini Laurence, anasema Daktari Kalinde kwenye barua yake ya mkono iliyobanwa juu kwa pini, ukisaini, Profesa Hoekman yuko tayari kukupokea huko kwake Ulaya mwezi wa tisa mwakani, ada, nauli, chumba, kila kitu, na hati za kusafiria tutazishughulikia, tutazishughulikia anasema, mimi ambaye hata kutoka makazi ya wakimbizi ya Katumba kuja kufundisha hapa mjini natembea na karatasi ya ruhusa, ikichakaa naibandika kwa gundi ya ugali, mtu anakuja ananiambia ndege, ananiambia maktaba yenye kila jarida la dunia, halafu anaongeza mstari mmoja, usikasirike kuhusu jina, ndiyo desturi ya fani, anayelileta jambo hadharani ndiye linaitwa kwake, kwa hiyo misimbo yangu, mipangilio ya kulinda habari ndani ya mashine isiharibike, inaitwa misimbo ya Kalinde na Hoekman, kwa kifupi KH, misimbo ya KH, nimeisoma herufi hiyo K na herufi hiyo H mara ngapi tangu Jumatatu bahasha ilipofika, nimeusoma ukurasa wa kwanza ule mpaka kona zake zimelainika, naitafuta Ntirandekura kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka, na kila mara naikuta kule kule chini, kwenye dawa ya kupe.

Usikasirike, anasema, mtu anayekuambia usikasirike ameshajua alichofanya... na desturi ya fani naijua mimi, asinifundishe, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa ananitumia makala za kurudufu, moja moja, tangu mwaka tisini na sita, hilo nalikubali, hakuwa mtu mbaya, alikuwa mwalimu wangu pekee chuoni aliyenijibu swali bila kunitazama kwanza natoka wapi, na nilizisoma zote nikaona wanavyozipa majina, miaka mitatu tu tangu jambo lianze na tayari ni fujo tupu, kuna familia ya misimbo inaitwa kwa herufi za majina ya watu watatu walioigundua, haya, kuna familia nyingine inaitwa kwa kazi inayofanya, kwamba inaituliza habari isiyumbe, kuna moja mpya ya mwaka jana inaitwa kwa umbo, kwa sababu vipande vyake vimepangwa kuzunguka kitu kama pete nene, na kuna wale wachovu wa majina wanaoandika tarakimu tatu tu ndani ya mabano ya mraba mara mbili mbili, tisa, moja, tatu, tisa ndivyo vipande unavyotumia, moja ndiyo habari unayoificha, tatu ndiyo uimara wake, ukiona hivyo umejua ukubwa wake ila hujajua sura yake, kama kuniambia mtu ana urefu wa futi tano na nusu, kwa hiyo desturi ziko nne, Daktari, sio moja, umbo lipo, kazi ipo, tarakimu zipo, na wewe katika zote nne ukachagua ile yenye jina lako, bahati iliyoje.

Kwa sababu jina lilikuwepo, hilo ndilo wanalojifanya hawakuliona, niliandika kwa wino mwekundu juu ya kaunta buku, MISIMBO YA MITUNGI, nikapiga mstari, na Kalinde alilijibu, Desemba, akasema Laurence, mitungi ni jina la kilabuni, huwezi kwenda nalo kwenye jarida, watu watacheka... wacheke nini, wao waliotoka jasho miaka yote na swali lile, swali lenyewe mtoto wa shule angelielewa, kuna kompyuta inaitwa ya kwanta, haijajengwa bado, ipo vipande vipande kwenye maabara za watu, habari iliyo ndani yake haichunguliwi, ukiichungulia tu imeharibika hapo hapo, sasa kosa likiingia utalijuaje, utarekebishaje kitu ambacho huruhusiwi kukitazama, wenzangu wa fani wakalishangaa swali hilo, mimi niliposoma nilicheka peke yangu kwenye Kidato cha Pili B, kwa sababu nilikua nyumba moja na jibu, nililala nalo chumba kimoja, mama yangu Séverine anapika pombe ya ndizi, urwarwa, tangu hatujapewa hata mabati, mitungi tisa, safu tatu za mitatu mitatu, kila mdomo umezibwa kwa jani la mgomba na udongo, na kabla ya siku yake haufunguliwi, ukifungua hewa imeingia na pombe imekwisha, sasa mama atajuaje upi umeanza kuharibika, anagonga, anainama anagonga kwa kifundo cha kidole mtungi wa kwanza na wa pili, anasikiliza, wa pili na wa tatu, anasikiliza, haulizi mtungi huu una nini, hataki kujua una nini, anauliza tu nyie wawili, mnasema kitu kimoja?, na ule unaokataa kukubaliana na jirani zake wa pande zote mbili ndio mgonjwa, umempata bila kumfungua hata mmoja.

"...hapana, usiandike hivyo, andika yule wa mgongo mweupe."

Nani huyu anapiga kelele, ah, ni Nkwabi, yule mzee Msukuma anayechunga upande wa kushoto wa barabara ya uwanja wa ndege, amesimama dirishani na kofia yake ya pama, anamwandikisha Immaculata barua kwa ndugu yake wa Kasansa, na Immaculata aliyekuwa anafunga mfuko sasa hivi amepata muda wa kuandika barua ya ng'ombe, vizuri, endelea mzee, andikisha, nipe dakika... na kosa la pili, kwa sababu makosa yako ya aina mbili, hilo nalo wenzangu walihangaika nalo, kuna ugonjwa ambao sikio halisikii, mtungi unalia vizuri lakini pombe imelala, haichachuki, huo mama anaupima kwa viganja, anaweka viganja kwenye safu hii yote na safu ile yote, anasikia joto, safu na safu, mnakubaliana?, masikio kwa ugonjwa wa kwanza, viganja kwa wa pili, na kati ya masikio na viganja kuna sheria moja aliyokuwa anatupigia sisi watoto, alinipiga mimi kwa mwiko nina miaka saba kwa ajili ya sheria hiyo, usiguse mmoja ukaacha mwenzake, kwa sababu kiganja kinapasha udongo moto na mtungi uliopata joto unabadilika sauti, ukigusa mmoja katika wawili utakaowagonga umeshaharibu, watakataa kukubaliana na wala si wagonjwa, ukigusa wote wawili wamebadilika pamoja, bado wanasema kitu kimoja, na hiyo, hiyo tu, ndiyo iliyonichukua kurasa arobaini kuiandika kwa lugha ya aljebra, kwamba unaweza kupanga mitungi mingi upendavyo, makundi ya kugonga upendavyo, makundi ya kugusa upendavyo, mradi kila kundi la kugonga na kila kundi la kugusa wakikutana wakutane kwenye mitungi ya idadi shufwa, hakuna, au miwili, au minne, kamwe mmoja, kamwe mitatu, nilipomwambia mama kwamba nimeandika kitabu kizima juu ya mitungi yake akacheka mpaka akashika kiuno, kwa hiyo Wazungu nao sasa wanagonga mitungi?, nikamwambia watagonga mama, wataiita hivyo hivyo, nilimuahidi, nilimuahidi amekaa pale kwenye kigoda anamenya ndizi, na sasa nikimwona Jumapili nimwambie nini, mama, inaitwa KH.

Na ukoo wetu wala hatuna herufi za kugawana, ingekuwa kichekesho kama nisingekuwa na hasira hivi, mtu anagombania jina la ukoo na mimi sina, hakuna Mrundi wa kwetu aliye nalo, kila mtoto anapewa lake, siku ya kupewa jina baba anatazama yaliyompata mwaka ule na analisema, mimi ni Ntirandekura, Mungu haniachi, kwa sababu nilizaliwa mama ameshazika wawili, na kaka yangu Egide aliyezaliwa Katumba ni Banyankirubusa, wananichukia bure, kwa sababu baba alikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba la tumbaku na jirani, na alitaka kila mama anapomwita mtoto aje kula yule jirani asikie, na alisikia, miaka mitano jirani alisikia hilo jina kila jioni mpaka akaja mwenyewe na kuku... na karani mmoja alipokuja kuandikisha kaya zetu, nakumbuka viatu vyake tu, vyeupe, akamuuliza baba jina la ukoo, baba akasema hatuna, kila mmoja ana lake, karani akatutazama sisi wanne tumepangwa mstari, akasema mzee, majina manne tofauti, hawa watoto umewaokota njiani?, akacheka, na watu wakacheka, akaandika jina la baba nyuma ya majina yetu yote kama anayepiga chapa magunia, na baba, baba aliyekuwa na neno kwa kila jirani, aliviinamia vile viatu, na ukiniuliza mimi nitakuambia hasira yangu haikuanza Jumatatu, ilianzia kwenye vile viatu vyeupe.

"Jina la mwenye ng'ombe niandike nani?" Immaculata anauliza.

"Ya nini, mama? Andika mgongo mweupe, masikio meusi, pembe moja imelala. Atamtoa zizini asubuhi hiyo hiyo."

"Lakini mzee, lazima wajue wa nani."

"Wa nani watamjua wakishamwona. Nikikuandikisha ng'ombe wa Nkwabi, nina ng'ombe mia na sitini kule, atamtoa yupi? Atanitolea dume badala ya yule wa kuuzwa!"

Na anacheka, meno machache, anapiga dirisha kwa kiganja, na Immaculata anacheka naye, na mimi nimeganda na kalamu hapa, ng'ombe wa Nkwabi atamtoa yupi... ngoja, ngoja kwanza, tangu Jumatatu nalilia wa nani, wa nani, siku nne sili vizuri, jana nimempigia kelele Minza wa kidato cha kwanza kwa sababu kasahau rula, msichana wa watu kaogopa, yote kwa ajili ya wa nani, na sijauliza hata mara moja yupi, misimbo ya KH ni ipi, mtu akisoma KH huko Ulaya kesho atatoa zizini ipi, jina la mitungi lingemwambia, lingeupa mkono wake la kufanya, lingempa hata mwiko wa mama, lakini K na H zinamwambia nini zaidi ya kwamba kuna wanaume wawili, kwa hiyo lazima wameandika mahali fulani, kila wanapotoa jina lisilosema kitu wanatakiwa waandike ni ipi na ipi siyo, ufafanuzi, ukurasa wa pili, Laurence, ukurasa wa pili hujaufungua, mwalimu wa hisabati mzima, siku nne, unamwambia mtoto kila siku soma swali lote ndipo ujibu, na wewe umeishia kwenye dawa ya kupe.

Karatasi imeshikana na jasho... haya, ukurasa wa pili, ufafanuzi wa kwanza, tunaita msimbo wa KH msimbo wowote uliojengwa kwa makundi ya ukaguzi ya aina ya kwanza, ndiyo kugonga hiyo, na makundi ya ukaguzi ya aina ya pili, ndiyo viganja, sawa, kwa idadi yoyote ya vipande, sawa, na mpangilio wowote wa makundi, nukta... nukta?, mpangilio wowote, nukta, halafu wanaingia ufafanuzi wa pili, ngoja nirudi, labda sharti liko chini, labda liko kwenye ufafanuzi wa tatu, halipo, labda kwenye mfano, mfano wa kwanza, vipande saba, kundi la kwanza la kugonga ni la kwanza, la pili, la tatu, kundi la kwanza la kugusa ni la tatu, la nne, la tano... nahesabu kwa vidole kwenye ukingo wa benchi, nagonga mbao, wa kwanza, wa pili, wa tatu, halafu viganja, wa tatu, wa nne, wa tano, wanakutana wapi, wanakutana mtungi wa tatu, mtungi wa tatu peke yake, mmoja, mmoja!, umegusa mmoja ukaacha wenzake, Daktari Yotham Kalinde, wewe na digrii zako tatu na Profesa wako wa ng'ambo mmepasha moto mtungi mmoja katika mnaotaka kuwagonga, ukurasa wa pili, mfano wa kwanza, huu siyo msimbo, huu hausahihishi kosa lolote, huu wenyewe ndio kosa, na nadharia kubwa ya ukurasa wa tano inayosema kila KH inalinda habari yake ni ya uongo kutoka juu mpaka chini.

Natazama tena, sitaki kufurahi haraka, nimeshafurahi haraka maishani nikajuta... kwenye kaunta buku langu lilikuwa ukurasa wa sita, sharti la mwenzake, ndivyo nilivyoliita, Sharti la Mwenzake, hata hilo nililipa jina kutoka mdomoni mwa mama, na sasa naona kabisa kilichotokea, naona kama nilikuwa chumbani nao, walipofuta mitungi walilazimika kufuta vyote vilivyotoka kwenye mitungi, walifika kwenye Sharti la Mwenzake wakaona nalo ni jina la kilabuni, hadithi ya mama mmoja na mwiko, wakalipitishia kalamu, hawakujua kwamba ndilo lililoshika nyumba, wangeacha jina sharti lisingetoka, hakuna mtu anayeweza kuwaza mama anagusa mtungi mmoja akaacha wa pili, lakini kwenye KH unaweza kuweka chochote, KH haikatai, wamepanua zizi mpaka fisi wameingia wakahesabiwa ng'ombe.

Mungu wangu, nisaini, hii ndiyo raha ya kwanza tangu Jumatatu, nisaini mstari wote mrefu, Laurence Ntirandekura, nakubaliana na majina yaliyotumiwa, nakubaliana kabisa, yachukueni, yapigeni chapa, mtungi uliooza wenye majina yenu wawili ubavuni, peleka sokoni, fungua mbele ya watu, na mimi mwezi wa tisa ninapanda ndege, ada, nauli, chumba, nimekaa kwenye maktaba yao nasubiri mtu wa kwanza ahesabu mpaka tatu, na hakuna atakayenilaumu, mimi ni wa mazungumzo tu, nimeandikwa chini kabisa... na kalamu inashuka yenyewe, imeshagusa karatasi, imeweka nukta ya wino pale L inapoanzia, nukta moja, na ndani ya nukta hiyo anatokea mama, sikumwita, anatokea na kile kitenge chake cha kazi, mwaka ule nina miaka kumi na moja, mtungi mmoja katika tisa ulikataa, na rafiki yake Apollinarie akamwambia uchanganye na mingine, Séverine, kauzie kule kambi ya wakata mbao, nani atajua ni wako, na mama aliubeba mgongoni mpaka njia panda mchana kweupe, watu wote wanatazama, akaumwaga, akasema kwa sauti kubwa huu ulikuwa wangu na umeharibika, na wiki ile ile walikuja kununua ile minane yote ikaisha kabla ya misa ya Jumapili, lakini hakufanya kwa ajili ya hiyo, hakujua kwamba watanunua, nilimwona uso, alifanya kwa sababu wakata mbao wana matumbo.

Na mtu atakayejenga hiyo mashine, miaka thelathini ijayo, msichana fulani, sijui wapi, atafungua kitabu aone KH, aamini, apange vipande vyake saba, agonge, aguse, ikatae, afikiri mjinga ni yeye, hilo nalijua vizuri, kufikiri mjinga ni wewe... bado nina hasira, asije mtu akasema nimetulia, nina hasira kuliko nilivyoingia hapa, ila hasira imehama, imetoka kwenye jina langu imeenda kukaa kwenye mtungi wa tatu, mtoto niliyemzaa miezi kumi na minne wamempa jina la watu wasiojua akilia analia nini, na kwetu mtoto hapewi jina ili ajulikane wa nani, wa nani kijiji chote kinajua, anapewa jina ili jirani asikie, basi Kalinde atasikia, sitasaini, na wala sitaandika kwamba umeniibia, hilo unalijua, nitaandika juu ya mstari wao huu mrefu, kwa kalamu hii ya posta iliyofungwa kamba, maneno machache tu, gusa na mwenzake, Daktari, rudi ukurasa wa pili ugonge tena mtungi wa tatu, na labda atashukuru kweli safari hii, na labda hataniandikia tena maisha yake yote, na mwezi wa tisa utafika niko hapa hapa na karatasi yangu ya ruhusa na gundi ya ugali, inauma, wacha iume, naiona ndege inaondoka na maktaba yote ndani yake...

Nkwabi anakunja barua yake, anaitia mfukoni mwa shati kabla hajakumbuka kwamba ni ya kutumwa, anaitoa tena. Immaculata ananyoosha mkono juu ya mdomo wa mfuko, lakiri inayeyuka kwenye kibati, kituoni treni imepiga honi ya kwanza.

"Mwalimu, unatuma au hutumi?"

Natuma, dada, nasema, na safari hii sauti ni yangu, nishikie mfuko, nina maneno machache ya kuandika.